Moto Unaosubiri Mlango: Namna Wazimamoto Wanavyojifunza Maabarani na Kazini

Yeyote aliyewahi kukaa na wachoma mkaa anajua kwamba kazi yao kubwa si kuwasha moto bali kuunyima hewa. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani, juu yake hupigwa udongo, na mwenye tanuri hulala jirani nalo akichunguza nyufa, kwa sababu ufa mmoja ukiachwa mpaka alfajiri unatosha kugeuza magunia kadhaa ya mkaa kuwa majivu. Ndani ya tanuri joto lipo na kuni zipo. Kinachokosekana ni hewa tu. Moto wa namna hiyo haujazimika. Unasubiri.

Elimu hiyo ya porini, ikihamishiwa kwenye nyumba wanamoishi watu, huwa ngumu kuliko inavyosikika. Wazimamoto wa Marekani, ambao ndio nitakaowazungumzia zaidi kwa sababu kumbukumbu zao zimeandikwa kwa urefu na kuchapishwa, hawakuwa wageni wa kanuni za moto: kila kurutu hufundishwa siku za mwanzo kabisa kwamba moto hutaka joto, kitu cha kuungua na hewa. Hata hivyo ilichukua miaka mingi, na vifo vya wenzao vilivyofanana kwa namna ya kusikitisha, kabla kanuni hiyo haijateremka kutoka ubaoni hadi mlangoni, pale ambapo mtu mwenye shoka mkononi anaamua kufungua au kutofungua. Kilichowachelewesha hakikuwa upungufu wa uzoefu. Kilikuwa uzoefu wenyewe.

Jioni moja mtaani Watts

Tarehe 28 Machi 1994, katika jengo dogo la fleti lililoko namba 62 mtaa wa Watts, Manhattan, mpangaji wa fleti ya chini alitoka nyumbani kwake kama saa 12:25 jioni. Nyuma yake, mfuko wa plastiki wenye taka, uliokuwa umewekwa juu ya jiko la gesi, ulishika moto. Fleti hiyo ilikuwa imekarabatiwa kwa ajili ya kubana matumizi ya nishati: kuta zilikuwa na tabaka za kuzuia joto lisipotee, na madirisha na milango vilizibwa vizuri dhidi ya baridi. Moto uliwaka, ukala oksijeni iliyokuwemo, kisha ukafifia bila kufa, ukiendelea kutoa gesi za moto ambazo hazikuwa na hewa ya kuziunguza. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya saa moja.

Simu iliyopigwa saa 1:36 usiku haikutaja ndimi za moto. Mtu alikuwa ameona moshi na cheche zikitoka kwenye dohani. Wazimamoto walipofika waligawana kazi kama kawaida: kundi moja likaenda kuvunja mlango wa fleti ya chini, jingine la watu watatu likapanda ngazi kwenda kwenye fleti iliyo juu yake. Mlango wa chini ulipofunguka, kwanza ilitoka hewa ya uvuguvugu. Kisha hewa ya nje ikavutwa kuingia ndani kwa nguvu, kana kwamba nyumba imevuta pumzi. Halafu mwali mkubwa ukatokeza kupitia upenyo wa juu wa mlango na kupanda ngazi. Waliokuwa chini walifanikiwa kujiokoa. Watatu waliokuwa juu walikuwa wamesimama ndani ya kile ambacho kwa dakika hiyo kilikuwa dohani la jengo, na mwali haukupita mara moja kama mlipuko wa kawaida: uliendelea kuunguruma kwa takriban dakika sita na nusu. Wote watatu walifariki, wa mwisho wao baada ya wiki kadhaa hospitalini.

Muda huo wa dakika sita na nusu ndio uliowasumbua wakuu wa zimamoto wa New York. Wao walikuwa wakijua bakdrafti, yaani gesi za moto zilizokosa hewa zinapoipata ghafla na kulipuka, lakini waliijua kama tukio la sekunde chache. Waliomba msaada kwa taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia, inayojulikana kwa kifupi kama NIST, na mhandisi Richard Bukowski akauingiza ule moto kwenye programu ya kompyuta: ukubwa wa vyumba, kiasi cha taka, mianya ya hewa, saa ya kutoka mpangaji na saa ya kuvunjwa mlango. Hesabu ilionyesha kwamba hapakuhitajika petroli wala kitu kingine cha ajabu. Mfuko wa taka, samani za kawaida, nyumba iliyozibwa na saa moja ya subira vilitosha kukusanya gesi za kuwaka muda wote ule.

Hesabu ya hewa

Ili kuelewa kwa nini mlango una uzito kiasi hicho, inafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1917, Mwingereza W. M. Thornton alipogundua jambo ambalo hadi leo linawashangaza wanafunzi. Vitu vinavyoungua hutofautiana sana kwa joto vinalotoa ukivipima kwa kilo ya kitu chenyewe: kilo ya plastiki hutoa joto mara mbili au zaidi ya kilo ya kuni. Lakini ukipima kwa kilo ya oksijeni iliyotumika, tofauti karibu inatoweka. Kuni, mafuta, sponji, nguo, vyote hutoa takriban megajuli 13 kwa kila kilo ya oksijeni, sawa na megajuli 3 hivi kwa kila kilo ya hewa.

Maana yake ni kwamba chumba kikishajaa moto, swali la ukubwa wa moto huo haliulizwi tena kwa kuhesabu samani zilizomo. Linaulizwa kwa kupima matundu. Mjapani Kunio Kawagoe, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1958, alionyesha kwamba hewa inayoweza kuingia kwenye chumba kinachowaka chote hutegemea eneo la tundu na mzizi wa pili wa urefu wake wa kwenda juu. Mlango wa kawaida wenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2 hupitisha takriban kilo 1.3 za hewa kwa sekunde, nayo hulisha moto wa karibu megawati 4, kama pasi za umeme 4,000 zilizowashwa kwa pamoja. Sofa moja kubwa la sponji likiwaka katika hewa ya kutosha linaweza lenyewe kupita megawati 2. Kwa hiyo sebule yenye seti ya masofa, pazia na zulia ina chakula kingi kuliko kinywa. Kinachobaki bila kuungua hakipotei. Hupanda juu kama moshi mweusi mzito, na moshi huo si takataka ya moto bali ni kuni ambazo hazijapata zamu yake.

Hapo ndipo linapozaliwa lile jambo ambalo wenye fani huliita flashova. Tabaka la moshi chini ya dari likifika karibu nyuzi joto 600 za Selsiasi, mnururisho wake kuelekea sakafuni hufikia takriban kilowati 20 kwa kila mita ya mraba, yaani kama mara ishirini ya jua kali la mchana, na kila kitu chumbani kinaanza kutoa gesi na kushika moto karibu kwa mpigo mmoja. Mzimamoto akiwa ndani na mavazi yake yote kamili, ana sekunde tu. Kwa hiyo anayesimama mlangoni anatakiwa ajue yuko upande gani wa tukio hilo: je, moto huu bado unatafuta cha kula, au umeshiba na unatafuta hewa?

Uzoefu unavyofundisha, na unavyodanganya

Katikati ya miaka ya 1980 mwanasaikolojia Gary Klein alikwenda kuwahoji makamanda wa zimamoto akitaka kujua wanavyochagua baina ya mipango kadhaa wakati nyumba inateketea. Jibu walilompa lilimvuruga: walisema hawachagui. Wanafika, wanaangalia, na wanajua la kufanya. Alipochimba zaidi alikuta kwamba kila mmoja amebeba kichwani akiba kubwa ya mioto aliyoiona, na akili yake hulinganisha moto wa leo na ile ya zamani kwa kasi ambayo yeye mwenyewe haitambui.

Mfano uliobaki maarufu ni wa luteni mmoja aliyeingia na watu wake sebuleni mwa nyumba isiyo na ghorofa, wakapiga maji kuelekea jikoni ambako moto ulikuwa unaonekana. Moto haukutikisika. Wakapiga tena, mambo yakawa yale yale. Luteni akahisi kwamba kuna kitu hakiko sawa, akaamuru wote watoke, na muda mfupi baadaye sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka. Moto wenyewe ulikuwa chini yao, katika chumba cha chini ya ardhi ambacho hawakujua kama kipo. Kwa miaka mingi luteni huyo aliamini kwamba aliokolewa na kipaji cha kuona yasiyoonekana. Maswali ya Klein yalimfikisha kwenye maelezo mengine: sebule ilikuwa na joto kuliko inavyostahili kwa moto mdogo wa jikoni, na ilikuwa kimya kuliko inavyostahili kwa joto lile, kwa sababu sakafu ilikuwa ikizuia mngurumo. Picha haikulingana na yoyote aliyokuwa nayo kichwani, na kutolingana huko ndiko kulikomtoa nje.

Nimeisimulia habari hiyo kwa sababu mara nyingi hutolewa kama sifa ya uzoefu peke yake, na mimi naiona pia kama onyo. Akiba ya picha humsaidia mtu pale tu ambapo dunia inaendelea kufanana na picha zake. Tena inahitaji mrejesho, na kazi ya zimamoto ina mrejesho mbovu: nyumba inaungua, maji yanamwagwa, watu wanarudi kituoni, na hakuna aliyepima chumba kilikuwa na nyuzi ngapi kabla na baada ya dirisha kuvunjwa. Ukifanya jambo la hatari mara arobaini na bahati ikakulinda mara zote arobaini, unastaafu ukiwa mwalimu wa jambo hilo.

Na dunia ilikuwa imebadilika. Nyumba ambazo wakongwe wa miaka ya 1960 na 1970 walijifunzia zilikuwa na samani za mbao, pamba na sufi, na madirisha ya kioo kimoja chembamba ambayo mara nyingi yalipasuka yenyewe. Moto wao ulikua polepole, na walipofika, kuvunja dirisha au kutoboa paa kulitoa moshi na joto nje, chumba kikapoa kidogo, wakaona mbele, wakazima. Waliyoyafundisha kuhusu mioto hiyo yalikuwa ya kweli. Kisha ikaja sponji ya poliyurethani ndani ya masofa na magodoro, plastiki kila kona, vioo vya tabaka mbili na kuta zilizozibwa. Mwaka 2009 maabara ya UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa na majengo, iliwasha vyumba viwili vilivyowekwa ubavu kwa ubavu, kimoja kikiwa na samani za zamani na kingine za kisasa. Cha kisasa kilifika flashova chini ya dakika 4. Cha zamani kilichukua zaidi ya dakika 29. Gari la zimamoto, ambalo mwendo wake barabarani haujaongezeka sana, zamani liliukuta moto ukiwa bado unakua. Siku hizi huukuta umekwisha kula hewa ya nyumba nzima na umenyamaza. Ukimya huo ulitafsiriwa kama nafuu.

Mlango wa nyuma, ngazi ya ndani

Moto wa barabara ya Cherry, jijini Washington, tarehe 30 Mei 1999, ulionyesha sura nyingine ya jambo hilohilo. Nyumba ilikuwa mojawapo ya zile zinazoshikana ukuta kwa ukuta, na kwa kuwa kiwanja kilikuwa na mteremko, chumba cha chini kilichoonekana kuwa chini ya ardhi ukisimama mbele kilikuwa sawa na uwanja ukisimama nyuma. Kundi moja liliingia kwa mlango wa mbele, ghorofa iliyo juu ya moto. Wenzao walizunguka nyuma na kuvunja mlango wa kioo wa chumba cha chini, wakiamini wanarahisisha kazi. Hewa iliingia chini, moto uliokuwa umefifia ukafufuka kwa muda usiofika dakika moja, na gesi zake zikapanda ngazi ya ndani hadi pale walipokuwa wenzao. Wawili walifariki.

NIST iliujenga upya moto huo kwa programu mpya iliyokuwa imetolewa mwaka 2000, inayogawa nyumba katika vijisanduku vingi na kukokotoa joto na mwendo wa hewa katika kila kimoja. Matokeo yalipowekwa katika picha zenye rangi, wazimamoto waliona kwa macho kitu ambacho ripoti za maneno zilishindwa kuwaeleza: kwamba baina ya tundu la kuingizia hewa na tundu la kutolea moshi kuna njia, na kwamba mtu akiwa kwenye njia hiyo, upande wa kutokea moto, hata kama yuko mbali na chumba kinachoungua, amesimama mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba. Njia ya mtiririko, kama inavyoitwa, haikuwa jambo geni kwa wahandisi. Kwa mtu wa kazini ilikuwa kama kupewa jicho la pili.

Hata hivyo picha za kompyuta zina udhaifu wake, na wazimamoto hawakuchelewa kuusema: umeingiza unachotaka, umepata unachotaka. Pingamizi hilo, ambalo wengine walilichukulia kuwa ni ubishi wa watu wasiopenda shule, kwa maoni yangu ndilo lililoifaa sayansi kuliko sifa zote, kwa sababu liliwatoa watafiti ofisini. UL ilijenga nyumba mbili kamili ndani ya maabara yake huko Northbrook, Illinois, moja ya chini na moja ya ghorofa, ikazichoma mara 15 na kuchapisha matokeo mwishoni mwa mwaka 2010. Aliyeongoza kazi hiyo, Steve Kerber, alikuwa mhandisi ambaye mwenyewe amewahi kuwa mzimamoto wa kujitolea Maryland, na hilo lilimsaidia si haba. Mnamo Julai 2012 idara ya zimamoto ya New York, NIST na UL walikwenda kwenye kisiwa cha Governors, mkabala na Manhattan, ambako palikuwa na nyumba 20 zilizoachwa zikisubiri kubomolewa. Waliziwekea samani, vihisi vya joto na vya gesi, na kamera, kisha wakaziwasha moja baada ya nyingine. Maswali yaliyojaribiwa yalikuwa yale ambayo watu huulizana kituoni wakinywa kahawa: nifungue lini, nitoboe wapi, maji yaingie kwa nje au nisubiri niwe ndani?

Baadhi ya majibu yaliuma. Kutoboa paa kabla maji hayajafika hakukupoza nyumba, kulikuza moto. Mlango wa mbele, ambao kila mtu aliuhesabu kuwa njia ya kuingilia tu, ulikuwa tundu la hewa kama dirisha lolote, na hivyo kuuvunja na kuuacha wazi kulikuwa ni kuanza kulisha moto kabla ya kuanza kuuzima. Kwa upande mwingine, mlango wa chumba cha kulala uliofungwa, hata wa mbao nyepesi, uliacha nyuma yake hali ambayo mtu anaweza kuishi, wakati korido iliyo nje yake imepita nyuzi 500.

Lililozua ubishi mrefu kuliko yote ni maji. Vizazi vya wazimamoto viliamini kwamba ukipiga maji kutoka nje kupitia dirishani unausukuma moto uelekee ndani kwa wakazi. Vihisi havikuona msukumo huo. Maji yaliyopigwa mapema, kwa mkondo ulionyooka unaoelekezwa darini, yalishusha joto hata katika vyumba vya mbali. Hesabu inaunga mkono: lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke hufyonza takriban megajuli 2.6, hivyo lita chache kwa sekunde, zikifika panapostahili, zinaushinda moto wa chumba. Lakini je, wale waliosimulia kwamba waliwahi kuhisi moto ukiwajia wenzao walipopiga maji, walikuwa wakisema uongo? Hapana. Maji ya manyunyu mapana huvuta hewa nyingi pamoja nayo na yanaweza kuziba tundu ambalo moshi ulikuwa ukitokea. Zaidi ya hapo, mara nyingi maji yalipigwa dakika ileile ambayo mtu mwingine, upande mwingine wa nyumba, alikuwa amefungua mlango. Walihisi kweli kabisa. Walikosea kumjua mhusika.

Ndani ya kontena

Ulaya ilikuwa imeanza safari hiyo kwa njia ya mikono. Baada ya vifo vya wazimamoto huko Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1980, Krister Giselsson na Mats Rosander walianza kufundisha tabia ya moshi kwa kutumia makontena ya chuma ya kusafirishia mizigo. Uingereza ililipokea zoezi hilo kwa upana baada ya wazimamoto wawili kufa katika bakdrafti huko Blaina, Wales, Februari 1996.

Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza na gumu kulisahau. Wanafunzi hupiga magoti sakafuni, mitungi ya hewa mgongoni, huku mbele yao mbao za maranda yaliyogandishwa zikiwaka kwenye kona. Tabaka la moshi linashuka kutoka darini, kingo zake za chini zikiwa laini kama maziwa, mpaka linafika juu tu ya kofia zao. Kisha ndimi nyembamba za moto zinaanza kukimbia ndani ya moshi wenyewe, juu ya vichwa, mbali kabisa na mbao zinazoungua. Mkufunzi anasukuma mlango, tabaka linainuka na moto unanguruma. Anaurudisha, kila kitu kinatulia. Anampa mwanafunzi mpira wa maji amwage manyunyu mafupi, kwa sekunde moja hivi, ndani ya tabaka lile, na kama mkono ni mzuri maji yanageuka mvuke juu kwa juu bila kudondoka chini. Mtu aliyeyaona hayo hahitaji tena kuelezwa kwamba moshi ni kuni. Kasoro yake ni kwamba kontena ni chuma na kuni zake ni chache, hivyo moto wake ni mpole na hutii; aliyefuzu humo akidhani amefahamu mwendo wa sebule yenye masofa ya sponji, amejifunza nusu ambayo inaweza kumponza.

Somo linapoandikwa bila kufika

Si kila somo lililopatikana hufika kwa anayelihitaji. Tarehe 3 Julai 2009 watu sita walikufa katika jengo refu la Lakanal, kusini mwa London, na miongoni mwa yaliyobainika ni namna wapokea simu walivyoendelea kuwashauri wakazi wabaki ndani ya fleti zao. Ushauri huo una mantiki yake: jengo la zege lililogawanywa vizuri huufungia moto kwenye fleti moja. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto wa jikoni katika jengo refu la Grenfell, jijini humo humo, ulitokea nje na kupanda kupitia bamba za ukutani zenye plastiki ya polithini katikati yake, ukapuuza migawanyo yote ya ndani. Simu ya kwanza ilipigwa saa 6:54 usiku. Ushauri wa kubaki ndani ulifutwa saa 8:47. Watu 72 walipoteza maisha. Tume ya Sir Martin Moore-Bick iliyouchunguza moto huo, katika ripoti yake ya kwanza ya Oktoba 2019, ilikuwa kali kwa idara ya zimamoto ya London kwa sababu mengi yaliyoonekana usiku ule yalikwisha kuandikwa baada ya Lakanal. Makamanda wa mwanzo walikuwa watu wazoefu na jasiri. Picha zao zote za majengo marefu zilikuwa za majengo yanayofanya kazi kama yalivyochorwa, na hakuna aliyekuwa amewapa mafunzo ya kutambua, na kukubali kwa haraka, kwamba jengo limeshindwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki inafaa kuongeza tahadhari ya upande wetu. Nyumba zetu nyingi zenye matundu ya hewa juu ya madirisha hazizibiki kama fleti ya mtaa wa Watts, kwa hiyo moto wake hauna tabia ya kukaa kimya muda mrefu. Lakini godoro la sponji ni lilelile, na majengo mapya yenye madirisha ya alumini na viyoyozi yanakaribia zaidi yale ya Illinois kuliko nyumba ya babu. Tofauti kubwa ni nondo za madirishani, ambazo majaribio ya Marekani hayakuzishughulikia: huko dirisha ni njia ya mkazi kutokea, kwetu mara nyingi ni tundu la hewa tu. Taratibu za kigeni zikinakiliwa bila kuuliza swali hilo, tutakuwa tumeazima majibu ya nyumba ya mtu mwingine.

Huko huko kwenye chanzo cha majibu hayo, mafundisho hayajaisha, na tukio moja linatosha kuonyesha kwa nini. Jioni ya tarehe 19 Aprili 2019, katika mji wa Surprise, Arizona, moshi ulianza kutoka kwenye banda la chuma lililojaa betri za lithiamu za kuhifadhi umeme. Mfumo wa kuzimia moto wa ndani ulikuwa umemwaga gesi yake kama ulivyotakiwa. Wazimamoto waliofika hawakukurupuka: waliita kikosi cha kemikali, wakazungushia eneo, wakapima gesi mara kwa mara, wakasubiri kwa muda wa kama saa mbili. Vipimo viliposhuka, kama saa 2 usiku, walifungua mlango. Betri zinapopata joto la kupindukia huendelea kulizalisha zenyewe bila kuomba hewa, na gesi zilizotolewa na betri hizo muda wote ule zilikuwa zimekaa ndani ya banda lililofungwa. Dakika chache baadaye zililipuka, na wanne wa kikosi cha kemikali waliumia vibaya. Ripoti ya watafiti wa UL iliyotoka mwaka uliofuata haikupata kosa la uzembe kwa watu hao. Ilichokitaja ni kwamba hawakuwa na njia ya kujua, wakiwa nje, kilichokuwa kimekusanyika ndani, na ikapendekeza mabanda ya namna hiyo yawekewe vipima gesi ambavyo mzimamoto anaweza kuvisoma kabla hajaugusa mlango.